Vitufe vya Amri Viwe vya Pamoja: Barua ya Wazi kwa Wanaredio wa Ridhaa wa Ziwa Victoria

Kwa wanaredio wa ridhaa wa Mwanza, Ukerewe, Bukoba na Musoma, kwa wenzao wa Kisumu na Entebbe, na kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Ofisi ya Kanda ya Ziwa, Mwanza.

Barua hii inahusu jambo linaloonekana dogo, yaani vitufe vinavyochorwa kwenye skrini ya kompyuta ili mtumiaji aiamuru redio yake kwa mbofyo mmoja. Inapendekeza kwamba wanaredio wa ridhaa wanaolizunguka Ziwa Victoria wawe na seti moja ya vitufe hivyo, iliyojadiliwa na kuandikwa kwa pamoja, badala ya kila mmoja kujitungia vyake nyumbani. Na inapendekeza vilevile kwamba seti hiyo isiwe na kitufe hata kimoja kinachoifanya redio irushe mawimbi. Pendekezo la kwanza huenda likakubaliwa bila ubishi mkubwa. La pili litapingwa, na kwa sababu hiyo limepewa nafasi kubwa zaidi katika maelezo yanayofuata.

Kwa faida ya wasomaji walio nje ya fani hii, redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayotambuliwa na Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ambamo watu waliopewa idhini hurusha na kupokea mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio ya kiufundi na kuwasiliana wao kwa wao, bila malipo wala faida ya kifedha. Nchini Tanzania idhini hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), inayosimamia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kila mwenye leseni hupewa alama ya mwito, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu unaomtambulisha hewani, ambao kwa Tanzania Bara huanza na 5H, kwa Kenya 5Z na kwa Uganda 5X. Enzi za ukoloni alama hizo zilifuatana kwa namba, VQ3 ikiwa ya Tanganyika, VQ4 ya Kenya na VQ5 ya Uganda, na ujirani huo wa hewani haujakoma hadi leo, kwa kuwa mawimbi hayajui mpaka uliochorwa juu ya maji.

Ziwa lenyewe ndilo linalolipa jambo hili uzito. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo karibu nusu yake iko Tanzania, na wavuvi wake huishi katika visiwa na mialo ambako mtandao wa simu hudhoofika mara mtumbwi unapoelekea maji makuu. Dhoruba za ngurumo huzuka juu ya ziwa zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, wakati ambapo nchi kavu imepoa kuliko maji na pepo zitokazo pande zote za ufuko zinakutana katikati. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya abiria. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Ingekuwa utovu wa heshima kudai kwamba vitufe vya kompyuta vingezuia misiba hiyo, ambayo chombo kubeba watu kupita kiasi kulihusishwa nayo tangu mwanzo. Hata hivyo, kila msiba wa majini hufuatwa na siku kadhaa ambazo habari huhitajika kutoka kisiwani kwenda hospitali, kwa viongozi na kwa ndugu wa abiria, na hapo ndipo redio ya ridhaa ina kazi inayoiweza.

Msiba wa tatu unaifafanua hoja kwa namna nyingine. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43 ambao 19 kati yao walipoteza maisha, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi waliokuwa jirani na mitumbwi yao. Ndivyo ilivyo katika dharura nyingi: anayeshika kazi ni aliye karibu, wala si aliyeandaliwa. Atakayeketi mbele ya redio siku ya shida hatakuwa lazima mwenye redio hiyo. Anaweza kuwa mgeni mwenye leseni aliyefika kumpokea mwenzake zamu, ambaye amezoea redio ya aina nyingine, iliyounganishwa na kompyuta iliyopangwa kwa namna nyingine. Mgeni huyo akikuta skrini yenye vitufe vilivyobatizwa kwa vifupisho anavyovielewa mwenyeji peke yake, atalazimika ama kubahatisha ama kuachana na kompyuta kabisa.

Umbali unalifanya tatizo hili kuwa la masafa zaidi ya kuwa la vifaa. Mawimbi ya masafa ya juu sana (VHF), ambayo hutumiwa na redio nyingi za mkononi, husafiri karibu na mstari ulionyooka, hivyo antena iliyowekwa kwenye kilima chenye urefu wa mita 100 juu ya maji, kama vile vilima vya mawe vya Mwanza, hukifikia chombo chenye antena ya mita 2 kwa umbali usiofika kilomita 50. Ukara iko takriban kilomita 75 kutoka Mwanza, Bukoba takriban 180, Entebbe karibu 290 na Kisumu takriban 340. Kuzifikia sehemu hizo bila mnara wa kati kunahitaji masafa ya chini zaidi, hasa ya megahezi 7 mchana na megahezi 3 na ushei usiku, yakirushwa kwa antena ya waya iliyotandazwa mita chache tu juu ya ardhi, ili mawimbi yapande karibu wima, yagonge ayonosfia, ambayo ni tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, kisha yashuke na kulifunika ziwa zima. Mwanaredio anayefanya kazi hiyo hubadilisha masafa, hali ya urushaji na kiwango cha nguvu mara kadhaa kati ya machweo na macheo, na hapo ndipo vitufe vinapopata maana.

Redio nyingi za kisasa, na hata nyingi za miaka ya themanini na tisini zinazouzwa mkono kwa mkono, zina mlango wa kupokelea amri kutoka kwenye kompyuta. Programu ya kuongoza redio, kama flrig ambayo hupatikana bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, huonyesha masafa na vipimo vya redio kwenye skrini, na humruhusu mtumiaji kuongeza vitufe vyake mwenyewe: hukipa kitufe jina, akaandika amri itakayotumwa, na kuanzia hapo kila akikibofya programu huituma amri hiyo kwa redio kama ilivyo. Programu haiulizi kama amri ina maana. Haichunguzi kama redio iliyopo ndiyo iliyokusudiwa. Hiyo ndiyo nguvu ya vitufe hivi, na ndiyo hatari yake pia.

Amri zenyewe hutofautiana kwa kiasi ambacho asiyewahi kuzisoma hawezi kukikisia. Kuipeleka redio kwenye megahezi 7.110 katika hali ya LSB, ambayo ni namna ya kurusha sauti kwa kutumia upande wa chini tu wa wimbi, ni jambo moja kwa msemaji lakini ni mambo matatu kwa mashine. Redio za Kenwood kama TS-480 huelewa maandishi ya kawaida, hivyo amri huandikwa FA00007110000; ikifuatiwa na MD1; nayo husomeka bila tabu. Redio za Icom hutumia baiti, yaani vifurushi vidogo vya namba zinazoandikwa kwa msingi wa kumi na sita: FE FE ya kufungulia, anwani ya redio, anwani ya kompyuta, namba ya amri, kisha masafa yakiwa yamegeuzwa kichwa chini miguu juu kama 00 00 11 07 00, na FD ya kufungia. Yaesu FT-817 nayo hutaka baiti tano tu, 00 71 10 00 01, ambamo masafa hutangulia na amri huja mwisho. Hata ndani ya kampuni moja kuna mitego, kwa kuwa anwani ya kiwandani ya Icom IC-7300 ni 94 na ya IC-718 ni 5E, hivyo kitufe kilichonakiliwa kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine hakitafanya lolote wala hakitatoa onyo.

Mfano wa nguvu ni mbaya zaidi, kwa sababu wenyewe hufanya kazi, ila vibaya. Anayetaka kupunguza nguvu hadi wati 20 ili kuhifadhi betri inayochajiwa na jua huandika PC020; kwenye Kenwood, ambayo huhesabu wati zenyewe. Icom huhesabu kwa kipimo cha 0 hadi 255, ambapo moja ya tano ya nguvu yote ni 51. Atakayeichukua namba 20 kwa mwenzake na kuipachika kwenye redio ya Icom ya wati 100 atajikuta akirusha chini ya wati 10, asisikike Bukoba, na akalaumu antena.

Kwa hiyo seti ya pamoja haiwezi kuwa orodha ya amri ghafi inayogawiwa kwa kila mtu. Inapaswa kuwa na matabaka mawili. Tabaka la juu ni majina na maana, ambayo ni yaleyale kwenye kila skrini ya ziwa. Tabaka la chini ni amri, ambazo hubadilika kufuatana na redio. Njia iliyo rahisi zaidi ya kulipata tabaka la chini ni kutumia Hamlib, mkusanyiko wa programu huria ulioanzishwa mwaka 2000, ambao kazi yake ni kuitafsiri amri moja ya jumla katika lugha ya redio husika. Kitufe kilichoandikwa F 7110000 na M LSB 0 hueleweka kwa redio zote zinazotambuliwa na Hamlib, na mtumiaji hutakiwa kutaja mara moja tu aina ya redio aliyonayo. Amri ghafi zibaki kwa yale tu ambayo tafsiri hiyo haijayafikia, na kila amri ghafi iambatane na jina la redio iliyoandikiwa pamoja na maelezo ya sentensi moja yanayosema inafanya nini. Kitufe kisichoweza kuelezwa kwa sentensi moja hakifai kugawiwa.

Sasa pendekezo la pili. Kwenye FT-817, redio ndogo iliyopendwa na wasafiri wengi, amri ya kuchagua LSB ni 00 00 00 00 07, na amri ya kuanza kurusha mawimbi inaweza kuandikwa 00 00 00 00 08. Tofauti ni tarakimu moja. Aliyeteleza wakati wa kuandika hatakuwa amepata kitufe kibovu cha LSB, bali kitufe kinachowasha mtambo na kuuacha ukirusha, chini ya jina linalosema kitu kingine kabisa. Kosa hilo likiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja litamsumbua mmoja. Likiwa kwenye faili lililogawiwa kwa ziwa zima litamsubiri kila mwenye redio ya aina hiyo.

Madhara ya redio iliyobaki ikirusha yanajulikana vyema kwa yeyote aliyewahi kusikiliza masafa ya pamoja. Wanaredio wengi hushiriki masafa mamoja kwa zamu, mmoja akisema na wengine wakisikiliza, hivyo anayerusha bila kukoma huwafunga wote midomo. Yeye mwenyewe hasikii anavyoitwa, kwa kuwa redio yake haipokei wakati inarusha, na wengine hawamjui ni nani, kwa kuwa wimbi lisilo na sauti halina jina. Kuna pia jambo linalohusu mazingira ya huku moja kwa moja. Vituo vingi vya nyumbani huendesha redio kwa betri ya volti 12 na kompyuta kwa umeme wa gridi. Umeme ukikatika sekunde moja baada ya kompyuta kutuma amri ya kurusha, kompyuta huzima, redio hubaki hai, na hakuna wa kuiambia iache. Redio nyingi zina kikomo cha muda kinachoweza kuzikatisha, lakini kikomo hicho mara nyingi huwa kimezimwa tangu dukani, na wachache huifungua menyu kukiwasha.

Watakaopinga watasema kwamba katika dhiki mtu anahitaji kitufe kimoja cha kuomba msaada, na watautolea mfano mwito wa kidijitali wa redio za majini. Mfano huo ni mzuri, ila unathibitisha kinyume. Redio ya chombo cha majini inayotumia mfumo huo ina kitufe chekundu cha dhiki ambacho hufunikwa kwa kifuniko, na ambacho ni lazima kibanwe kwa sekunde kadhaa mfululizo ndipo kitume mwito kwenye chaneli 70, ambayo ni megahezi 156.525, mwito ambao hubeba namba ya utambulisho ya chombo na, kikiwa kimeunganishwa na kipokezi cha GPS, mahali kilipo. Waliokibuni walijua kwamba kitufe cha dhiki kikiwa chepesi kubanwa kitabanwa na kila kitu. Kitufe kwenye skrini hakina kifuniko. Hubofywa na kidole kilichoteleza, na mtoto, na anayetafuta kitufe cha jirani yake. Aliye chomboni apate redio ya majini yenye kitufe hicho cha kweli, na hilo ni jambo la kuhimizwa kwa vikundi vya wavuvi kuliko jingine lolote lililomo katika barua hii. Mwanaredio aliye nchi kavu anacho tayari kitufe cha kurushia, nacho kiko kwenye maikrofoni, chini ya kidole chake, na hukoma kurusha anapokiachia.

Hii haimaanishi kwamba mtu akatazwe kuwa na kitufe cha kurushia kwenye kompyuta yake binafsi. Wanaotuma data au ishara za Morse kwa kompyuta mara nyingi hukihitaji. Kinachokataliwa ni kukigawa.

Kwa sababu iliyo karibu na hiyo, seti ya pamoja isibebe ujumbe wenye alama ya mwito. Programu nyingi huruhusu kitufe kutuma maneno yaliyoandikwa awali, na mtunzi wa faili, akiwa anajaribu, huandika alama yake mwenyewe akasahau kuifuta. Faili likishafika kwa wenzake kumi, watu kumi watakuwa wakijitambulisha kwa leseni ya mtu mmoja, jambo ambalo ni kosa kisheria kwao na mzigo kwake.

Lipo pia suala la mahali pa kuvihifadhi vitufe, na hapa ombi linaelekezwa kwa waandishi wa programu, ambao wengi wao ni wanaredio wanaojitolea na husikiliza wanapoelezwa kwa uwazi. Katika flrig, kwa mfano, vitufe huhifadhiwa kwenye faili lilelile linalobeba mapendeleo mengine ya redio husika, kama vile jina la mlango ambao waya umechomekwa na kasi ya mawasiliano. Anayelinakili faili la mwenzake ili apate vitufe hupata na mlango usiokuwepo kwake, na redio yake hunyamaza. Vitufe vya pamoja vinastahili faili lao peke yake, la maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa jicho, lililo dogo kiasi cha kutumwa kwa simu au kubebwa kwenye fleshi hadi Nansio kisiwani Ukerewe, na ambalo programu hulisoma bila kuligusa. Vya binafsi vibaki kwenye mapendeleo ya mtu. Skrini ivionyeshe vya pamoja kwa rangi tofauti, ili mgeni ajue kwa kutupa jicho ni vipi anavyovijua na ni vipi vya mwenyeji.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano ombi ni la aina nyingine. Ibara ya 25 ya Kanuni za Redio, baada ya marekebisho ya Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka 2003, inazihimiza nchi ziwawezeshe wanaredio wa ridhaa kujiandaa kwa mahitaji ya mawasiliano wakati wa maafa, na inaruhusu vituo vyao kupitisha ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya watu wengine pale panapokuwa na dharura. Kujiandaa huko hakuwezi kuishia kwenye karatasi ya leseni. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ingelisaidia jambo hili kwa kutamka kwa maandishi kwamba kuiongoza redio kwa kompyuta kunaruhusiwa, na kwamba dhamana ya kila mbofyo ni ya mwenye leseni aliyeketi kwenye redio, awe ameandika kitufe mwenyewe au amekipokea. Ingelisaidia pia kwa kuhifadhi nakala ya seti iliyokubaliwa, na kwa kuwajulisha wenzao wa Kenya na Uganda kuwapo kwake, kwa kuwa Chama cha Redio ya Ridhaa cha Kenya na kile cha Uganda vitahitaji neno la mamlaka zao kabla ya kujiunga. Mradi wa mawasiliano na usafiri wa majini unaosimamiwa na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika umeiweka Mwanza kuwa makao ya kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji. Wanaredio wa ridhaa si sehemu ya mradi huo na hawapaswi kujifanya kuwa, lakini kituo cha namna hiyo kitawaamini zaidi kikiwakuta wana utaratibu ulioandikwa.

Kuhusu yaliyomo katika seti ya kwanza, uchache ni bora. Muungano wa Kimataifa wa Redio ya Ridhaa (IARU), katika Kanda ya 1 inayojumuisha Afrika, umeyateua masafa ya megahezi 7.110 na 3.760 kuwa vitovu vya mawasiliano ya dharura, na yale ya 14.300 kwa mawasiliano ya masafa marefu kati ya mabara. Vitufe vitatu vinatosha kwa hayo, vikiitwa ZIWA MCHANA, ZIWA USIKU na MBALI, kila kimoja kikibadilisha masafa na hali ya urushaji kwa pamoja, kwa kuwa viwili vya kwanza hutumia LSB na cha tatu upande wa juu. Vitovu hivyo si mali ya mtu, na anayevikuta vina watu husogea kando kidogo, jambo ambalo kitufe hakiwezi kumfanyia. Wala kitufe hakiwezi kuamua lini mchana umekwisha: usiku wa dhoruba, kelele za radi hulijaza eneo la megahezi 3 kiasi kwamba mwenye busara hubaki juu kwa muda kadiri mawimbi yanavyoruhusu. Kiongezwe NGUVU NDOGO, na kimoja cha mwisho kiitwacho REJESHA, ambacho huondoa vichujio, vikuza sauti na mabadiliko mengine aliyoyaacha mtumiaji aliyetangulia na kuirudisha redio katika hali ambayo mgeni ataielewa. Hicho cha mwisho ndicho kitakachokuwa kigumu kuliko vyote kukiandika, kwa sababu kila redio ina mambo yake ya kurejeshwa, na huenda ndicho kitakachotumiwa zaidi.

Mabadiliko ya seti yafanywe kwa uwazi. Faili libebe tarehe ya toleo katika mstari wake wa kwanza. Anayependekeza badiliko asiwe ndiye anayeliidhinisha. Na toleo jipya lisomwe hewani, kitufe kwa kitufe, katika kikao cha kawaida cha wanaredio kabla halijagawiwa, ili hata asiye na intaneti ajue kilichobadilika. Toleo la kwanza lisitangazwe kabla halijajaribiwa kwa redio za familia zote tatu zilizotajwa, antena ikiwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa mzigo bandia, yaani kizuizi kinachomeza nguvu yote na kuigeuza joto bila kuiachia hewani, huku mtu wa pili akiitazama taa ya kurushia kwa kila kitufe kinachobofywa. Aliyejaribu aandike aina ya redio, kitufe na kilichotokea. Pale ambapo redio fulani haikutii, au ilitii nusu, nafasi ya kitufe hicho kwa redio hiyo iachwe tupu hadi apatikane mwenye redio kama hiyo wa kuirekebisha amri, na skrini ionyeshe wazi kwamba ni tupu.